Pengo la Siku Kumi na Tisa

Kazi yangu ni kupima malori getini Kilindini.
Lori huingia tupu, naandika.
Hutoka limeshiba ngano au saruji, naandika.
Natoa kile katika hiki, na kinachobaki
ndicho mzigo. Miaka kumi na saba
sijakosea hata kwa gunia moja.

Basi daktari aliponiambia, Mzee Shebwana,
jipime kila alfajiri, uandike,
nilicheka. Nikanunua mizani ya kioo
pale Mwembe Tayari, baada ya kuvutana bei,
na daftari la kurasa mia, la watoto wa shule,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.

Jumatatu: 94.3.
Jumanne: 94.6.
Jumatano: 93.1, baada ya kuihamisha mizani
karibu na mlango wa choo, pale vigae vilipobonyea.
Alhamisi nikairudisha.
Nimeshawakamata madereva
kwa hila nyepesi kuliko hiyo.

Maimuna, kitinda mimba wangu, anayesoma takwimu
chuoni Tudor, akalichukua daftari Ijumaa moja
akalitia lote kwenye kompyuta.
Siku mia mbili na kumi na nne.
Ukatoka mstari mwekundu, unapanda, unashuka,
kama mshono wa fundi anayesinzia.

"Baba, si pilau," akasema.
Nami pilau nilikuwa nimeitwika lawama zote:
harusi za Kibokoni, hitima, sinia za watu wanne
zinazoliwa na watatu kwa kuwa mmoja anapiga domo.
Pilau ilipandisha nusu kilo, kesho yake ikaiteremsha.
Kumbe ni zamu ya usiku.
Kila nikitoka zamu ya usiku, kwa siku mbili,
mstari unainua shingo:
mahamri ya saa tisa, viazi karai vya Ndurya na ukwaju wake,
chai ya vijiko vinne vya sukari
ninayoinywa si kwa kiu
ila kwa kuwa saa hiyo, baina ya lori na lori,
Ndurya ndiye pekee aliye macho wa kuzungumza naye.

Na Ramadhani? Nilidhani nimeng'aa.
Kilo moja na ushei, juu.
Maimuna akanyamaza kwa adabu.
Mama yake hakunyamaza:
"Kaimati zile zilijipika zikajila?"

Halafu mtoto akaweka kidole mahali peupe.
Siku kumi na tisa hazina namba.
"Hapa mizani iliisha betri?"
Nikasema ndiyo.

Kabla ya weupe: 95.8.
Baada yake: 91.4.
Daktari aliuzungushia mteremko ule kalamu ya kijani
akaandika pembeni: Hongera, endelea hivyo hivyo.

Endelea hivyo hivyo.

Usiku kumi na tisa kwenye benchi la Makadara,
nikisikiliza kifua cha kaka yangu Athmani
kikijikokota kama lango lenye kutu.
Wauguzi walimpima naye kila asubuhi, kwa ajili ya dawa.
Sitini na moja. Hamsini na nane. Hamsini na nne.
Hizo sikuziandika popote.
Wala sihitaji.

Maimuna anasema pengo huzibika:
unachukua namba ya kabla na ya baada,
unavuta mstari katikati, hesabu inakubali.
Nimemwambia apaache peupe.
Akanitazama, kisha akaangalia tarehe,
akafunga kompyuta taratibu
kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Leo alfajiri: 92.7.
Pembeni ya safu ya kilo nimepiga mstari mwingine kwa rula,
safu mpya, sijaipa jina.
Ndani yake nimeandika: zamu ya usiku,
malori arubaini na moja, Ndurya hakuja,
mahamri matatu,
nimekula peke yangu.